Mpango wa Nani? Lugha ya Afya ya Uzazi kwa Akina Mama Vijana wa Kwale

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Darasani, methali hii aghalabu hufafanuliwa kuwa ni wito kwa mwenye shida asione haya kuieleza mbele ya anayeweza kumsaidia. Fafanuzi hiyo ni sahihi, lakini huitenga methali na mazingira yaliyoizaa, yaani chumba cha kujifungulia, mkunga, na mwanamke ambaye hana budi kuufunua mwili wake ili aokoke yeye na mwanawe. Wahenga walikuwa wamekwisha kung'amua kwamba haya inapopita kiasi huangamiza. Ajabu ni kwamba lugha hiyo hiyo iliyotunga methali hii ndiyo leo inayomfunga ulimi msichana wa Kwale aliyekwisha kuzaa mara moja, akashindwa kuuliza namna ya kuepuka mimba ya pili kabla hajawa tayari kwayo.

Suala la matumizi ya njia za kupanga uzazi miongoni mwa akina mama vijana limezoeleka kuachiwa madaktari, wauguzi na mashirika yasiyo ya kiserikali. Wataalamu wa Kiswahili wamelitazama kwa mbali, kana kwamba haliwahusu ndewe wala sikio. Makala haya yanashikilia kinyume cha mtazamo huo. Sehemu kubwa ya tatizo hili ni ya kilugha. Istilahi zinazotumiwa kumwelimisha mama kijana ziliundwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, na maadamu hali ni hiyo, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana deni wanalopaswa kulilipa.

Hali Ilivyo Kusini mwa Pwani

Kaunti ya Kwale imeenea kutoka fuo za Tiwi na Diani hadi Vanga mpakani mwa Tanzania, na kutoka Msambweni hadi nyika kame za Kinango. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi 866,820. Wengi wao ni Wadigo na Waduruma. Katika Vanga na kisiwa cha Wasini husemwa Kivumba, na katika Funzi na Shimoni husemwa Chifundi, lahaja mbili za Kiswahili ambazo mwanafunzi wa isimu huzisoma vitabuni. Mji wa Ukunda nao umevutia watu kutoka pembe zote za nchi kwa sababu ya kazi za hoteli za Diani. Kwa hiyo, mwanamke aketiye kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto kule Msambweni huenda amekuja na lugha ya nyumbani ambayo si Kiswahili cha redio wala cha vitabu.

Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya uliofanywa mwaka 2014 ulionyesha kwamba nchini Kenya, asilimia 18 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au walikuwa waja wazito. Kwale ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopita wastani huo kwa mbali, kwani kiwango chake kilikaribia asilimia 24, yaani msichana mmoja kati ya kila wanne. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wastani wa kitaifa umeshuka hadi asilimia 15. Kushuka huko ni jambo la kushukuriwa, ila hakumwondolei mzigo msichana ambaye amekwisha kuwa mama.

Akina mama hao si kundi moja. Baadhi yao ni wake wa ndoa changa, walioolewa mapema wakaingia katika nyumba ambamo mama mkwe ndiye mwenye kauli. Wengine ni wanafunzi walioachishwa masomo na mimba, ijapokuwa tangu mwaka 1994 sera ya serikali imeruhusu warejee shuleni baada ya kujifungua, na mwaka 2020 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo mahususi wa kuwarejesha. Wengine tena ni watoto waliodhulumiwa. Mwaka 2006, utafiti uliochapishwa kwa ushirikiano wa serikali na shirika la UNICEF uliitaja Diani miongoni mwa maeneo ya Pwani ambamo watoto walikuwa wakitumiwa kingono na watalii na wenyeji vilevile. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono. Mtoto wa aina hiyo hakupanga lolote, alipangiwa.

Kisheria, njia haijafungwa. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya afya, na inaitaja afya ya uzazi kwa jina. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari. Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na papo hapo inaitaka dola ilinde na kukuza lugha za jamii zote. Ibara hizi tatu zikisomwa pamoja, natija yake ni kwamba habari za afya ya uzazi zinapaswa kumfikia mwananchi katika lugha anayoielewa. Hata hivyo, miongozo ya kitaifa ya watoaji huduma za upangaji uzazi imeandikwa kwa Kiingereza. Anayeigeuza kuwa Kiswahili, na pengine kuwa Chidigo au Chiduruma, ni muuguzi aliyesimama mbele ya foleni ndefu, bila kamusi na bila muda. Muuguzi huyo ndiye mfasiri mkuu wa afya nchini, na hakuna idara ya Kiswahili iliyowahi kumfundisha kazi hiyo.

Neno "Mpango" na Mashaka Yake

Istilahi kuu katika uwanja huu ni kupanga uzazi, ambayo Tanzania huiita uzazi wa mpango na Kenya aghalabu mpango wa uzazi. Kiini chake ni kitenzi panga. Kitenzi hiki kina maana nyingi: kuweka vitu kwa utaratibu, kukodi chumba, kuazimia jambo. Katika istilahi inayohusika, maana iliyokusudiwa ni kuazimia. Lakini ni nani huazimia uzazi? Picha inayochorwa na istilahi hii ni ya mume na mke waliokaa kitako, wakahesabu mapato yao, wakaafikiana kuhusu idadi ya watoto. Picha hiyo ndiyo iliyotawala tangu Chama cha Kupanga Uzazi cha Kenya kilipoanzishwa mwaka 1962 na serikali ilipozindua mpango wa kitaifa mwaka 1967. Wakati huo walengwa walikuwa wanandoa wenye watoto wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto wanane kwa wastani, na ilieleweka kwamba wenye kupanga walikuwa wazazi waliokomaa.

Msichana wa miaka 17 aliyezaa akiwa nyumbani kwa mamake haimo katika picha hiyo nafsi yake. Hana mume wa kupanga naye. Mimba yake haikuwa mpango, wala hataraji kubeba nyingine. Akiona bango lililoandikwa "Panga uzazi", huliona kuwa ni salamu iliyoelekezwa kwa mtu mwingine. Akienda kuuliza, kwa kitendo hicho tu atakuwa ametangaza kwamba anapanga kukutana na mwanamume tena. Istilahi inamlazimisha aungame nia ambayo huenda hana. Ndiyo maana wengi huona heri kunyamaza.

Fauka ya hayo, neno mpango limepata maana nyingine mitaani. Mwaka 2009 kampeni ya kupambana na ukimwi nchini Kenya iliwaonya wanandoa dhidi ya "mpango wa kando", yaani uhusiano wa siri nje ya ndoa. Msemo huo ulishika kasi kuliko kampeni yenyewe. Mwaka 2013 tangazo jingine la runinga lililowahimiza wenye mipango ya kando watumie kondomu lilipingwa vikali na viongozi wa dini hata likaondolewa. Hivyo, kwa kijana aliyekulia katika miaka hiyo, mpango ni neno lenye harufu ya usaliti. Na kwa upande mwingine, mcha Mungu husikia neno hilo hilo akakumbuka kauli ya kila siku kwamba watoto ni mipango ya Mungu. Istilahi moja imejikuta baina ya zinaa na kufuru, na msichana anatarajiwa apite katikati bila kujeruhiwa.

Kitanzi, Kijiti, Majira

Majina ya njia zenyewe yanastahili kuchunguzwa pia. Kifaa kinachowekwa katika mfuko wa uzazi huitwa kitanzi. Yamkini aliyekiita hivyo alitazama umbo lake la zamani lililojikunja. Lakini kitanzi kwa Mswahili ni kamba ya kunasia mnyama, na ni kamba ya kunyongea mtu. Haishangazi kwamba mwanamke akiambiwa atatiwa kitanzi tumboni hushtuka. Kifaa hicho, kwa hakika, kinaweza kutumika kwa miaka 10 au zaidi, na kikiondolewa uwezo wa kushika mimba hurejea mara moja. Maelezo hayo mazuri hutolewa baada ya jina kuwa limekwisha kuharibu mambo.

Vipandikizi vya mkononi watu huviita vijiti, jina la kawaida lisilo na tisho, na pengine hiyo ni sababu mojawapo ya kukubalika kwake. Vidonge vya kumeza kila siku huitwa, hasa Tanzania, vidonge vya majira. Jina hili lina busara, kwa kuwa neno majira hudokeza wakati, na vidonge hivyo hufanya kazi kwa mwenye kuchunga wakati. Mfano huu unathibitisha kwamba Kiswahili hakina upungufu wa nyenzo. Istilahi njema huweza kumfundisha mtumiaji hata kabla ya muuguzi kufungua kinywa.

Hatari kubwa zaidi imo katika kitenzi funga. Kufunga kizazi ni upasuaji wa kudumu kwa mtu aliyeamua kutozaa tena. Lakini katika mazungumzo ya kila siku, mwanamke aliyedungwa sindano ya miezi mitatu naye husemwa kuwa amefunga. Tena neno kizazi lenyewe lina maana mbili: mfuko wa uzazi, na watu wa rika moja katika ukoo. Kumfunga binti kizazi, kwa masikio ya nyanya yake, ni kuukata ukoo. Kisa kinachojulikana katika kliniki nyingi ni cha mwanamke aliyeacha sindano, akakaa miezi kadhaa bila kushika mimba, jirani wakasema amefungwa. Ukweli ni kwamba baada ya sindano hiyo uwezo wa kushika mimba huweza kuchukua miezi mingi kurejea, lakini hurejea. Tofauti kati ya kuchelewa na kufungwa ni tofauti ya vitenzi viwili, na hiyo ni kazi ya mwanaisimu.

Kuna pia neno madhara. Muuguzi huwaambia wanawake kwamba kila njia ina madhara yake. Alichokusudia ni mabadiliko ambayo si hatari kwa kawaida, kama vile hedhi kubadilika, kichwa kuuma au uzito kuongezeka. Lakini madhara kwa Kiswahili ni dhara, ni uharibifu. Baadhi ya machapisho ya Tanzania yameteua msemo maudhi madogo madogo, na uteuzi huo ni mwafaka, kwa kuwa unakiri kuwa kuna karaha bila ya kutisha. Hata hivyo usitumiwe kuficha. Mwanamke aambiwe waziwazi kwamba kwa sindano hedhi inaweza kukoma kabisa, na kwamba damu haijikusanyi tumboni kwa sababu hiyo. Asipoambiwa, uvumi utamwambia.

Yaliyosahaulika katika Mila na Dini

Wapo wanaodai kwamba kutenganisha uzazi ni fikra ya kigeni iliyoletwa kuwapunguza Waafrika. Kiswahili chenyewe kinawakanusha. Kamusi inahifadhi kitenzi bemenda, ambacho maana yake ni kumdhoofisha mtoto anyonyaye kwa wazazi kukutana kabla ya kumwachisha ziwa. Wamijikenda nao wana neno chirwa, ugonjwa wa mtoto kudhoofika ambao huhusishwa na wazazi kuvunja miiko ya unyumba. Sayansi haikubaliani na maelezo ya chanzo, kwani utapiamlo una sababu nyingine. Lakini kilichokusudiwa na miiko hiyo kiko wazi: mtoto apewe nafasi ya kukua kabla hajafuatwa na mwenzake. Shirika la Afya Duniani linapoeleza kwamba ni vyema ipite angaa miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mwanamke kushika mimba nyingine, halisemi jambo ambalo wazee wa Kwale wangelishangaa. Tofauti ni kwamba mwiko ulimtegemea mume ajizuie, ilhali njia za kisasa zinampa mwanamke uwezo wa kujikinga.

Kwa upande wa dini, Wadigo wengi ni Waislamu, na sauti ya imamu ina uzito kuliko ya bango. Kurani, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 233, inataja kunyonyesha kwa miaka miwili kamili. Aidha, suala la azli, yaani mwanamume kumwaga nje, lilijadiliwa na wanazuoni tangu karne za mwanzo, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa miongoni mwa waliolihalalisha. Mjadala huo haujamalizika, na wapo wanazuoni wanaotofautiana kuhusu njia za kisasa. Hata hivyo, ni mjadala ulioendeshwa kwa adabu na kwa uwazi karne nyingi kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa Kwale. Anayedai kwamba dini inataka jambo hili lisitajwe hajausoma urithi wake.

Pingamizi nzito zaidi ni ile inayomhusu msichana asiyeolewa. Husemwa kwamba kumfundisha ni kumfungulia mlango wa zinaa. Pingamizi hii inastahili heshima, kwani hutoka kwa wazazi wenye uchungu wa kweli. Lakini kwa mama kijana imechelewa. Anayezungumziwa hapa amekwisha kuzaa. Mwanamke asiyenyonyesha huweza kuwa na uwezo wa kushika mimba tena takriban wiki nne tu baada ya kujifungua. Anayenyonyesha hukingwa endapo tu mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga imevunjika. Wasichana wengi huelewa kwamba kunyonyesha hukinga, wala hawaelezwi yale masharti. Mimba ya pili inayomwondoa shuleni kwa mara ya mwisho huanzia katika nusu hiyo ya habari. Kunyamaza hakukumzuia kuzaa mtoto wa kwanza, na hakuna sababu ya kuamini kwamba kutamzuia kuzaa wa pili.

Isitoshe, jamii za Pwani hazikuwa na desturi ya kunyamaza. Mwari aliyevunja ungo alikuwa na somo au kungwi wake, mtu mzima mwenye jukumu la kumweleza habari za mwili kwa nyimbo, vitendawili na mafumbo. Mafunzo hayo yalikuwa na dosari zake, kwa kuwa mengi yalimwandaa binti amridhishe mume kuliko kujilinda. Lakini yalimpa msamiati na mtu wa kumwuliza. Leo kungwi amedidimia, na shule haikuichukua kazi yake. Mama naye huona haya kumwambia binti kile ambacho hata yeye aliambiwa na mtu mwingine.

Fasihi Imefanya Nini?

Kwa wasomaji wa jarida hili, swali hili haliepukiki. Fasihi ya Kiswahili haijanyamaza kabisa. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika, riwaya ya msichana aliyelelewa kwa ukali wa baba asiyetaka hata kusikia habari za wavulana, akaingia ulimwenguni bila elimu wala kinga. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kule Tanzania, yaani wasichana walikatazwa kusoma habari za msichana aliyeangamia kwa kukosa habari. Katika miaka ya 1990 tamthilia ya Kilio Chetu ililiweka suala hilo jukwaani waziwazi, kwa kuonyesha wazazi wanaobishana kama watoto wafundishwe au la, huku watoto wenyewe wakiangamia. Nchini Kenya, riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa katika shule za upili kuanzia mwaka 2018 hadi 2022, inamwonyesha Zohali, mwanafunzi aliyepata mimba na kutupwa na jamaa zake.

Kazi hizi ni za thamani. Hata hivyo, katika nyingi ya kazi za aina hii mimba ni adhabu, ni kilele cha msuko au mwanzo wa anguko. Mhusika huharibikiwa, msomaji akaonyeka. Ni nadra kukutana na msichana ambaye baada ya kuzaa anaamka asubuhi, anamwogesha mwanawe, anajiuliza kesho itakuwaje, kisha anakwenda kliniki na kurudi na jibu. Mama kijana wa Msambweni hajioni katika fasihi isipokuwa kama onyo kwa wenzake. Mtu aliyegeuzwa onyo hawezi kwa wepesi kuwa mwuliza maswali.

Vipindi vya redio vilifanikiwa zaidi katika hili. Mwaka 1987 Kenya ilianza kutangaza mchezo wa redio wa Ushikwapo Shikamana, uliolenga upangaji uzazi, na mwaka huo huo runinga ikaonyesha Tushauriane. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza Twende na Wakati. Watafiti walilinganisha maeneo yaliyoupokea mchezo huo na eneo la Dodoma ambako haukusikika miaka ya mwanzo, wakabaini kuwa wasikilizaji wengi waliongea na wenzi wao na kwenda kutafuta huduma. Siri ya mafanikio hayo ni ya kifasihi. Wahusika walikuwa watu wenye majirani, wenye mashaka, wanaobadili nia polepole. Hawakuwa bango lenye kuamrisha.

Je, Lugha Pekee Itatosha?

Kuna atakayesema kwamba makala haya yanakuza jambo dogo. Atasema kwamba mwanamke wa Kinango anatembea mwendo mrefu kufika zahanati, kwamba dawa huisha, kwamba nauli ya bodaboda ni mzigo, kwamba mume akikataa mazungumzo yamekwisha. Hayo yote ni kweli, wala neno jema halitaijaza ghala ya dawa iliyo tupu. Lakini katika zahanati yenye dawa na muuguzi mwema, bado yuko msichana anayeketi mlangoni mpaka foleni iishe, akaondoka na chanjo ya mtoto bila kuuliza lake. Nauli ameipata na amefika, ila hakupata sentensi ya kuanzia. Pengo hilo bajeti ya kaunti haiwezi kuliziba peke yake.

La Kufanya

Kwanza, idara za Kiswahili zilichukulie suala hili kuwa uwanja halali wa utafiti. Tasnifu nyingi za umahiri huandikwa kila mwaka kuhusu tafsida na istilahi, na nyingi hutegemea vitabu. Mwanafunzi aende Msambweni, Kinango na Lunga Lunga, kwa idhini na kwa adabu, akusanye maneno ambayo wanawake wenyewe hutumia kuiita hedhi, mimba, kuharibika kwa mimba na kinga. Mchango wa Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, ulionyesha kwamba istilahi zinazochimbuliwa katika lahaja huweza kushika. Neno runinga ni ushahidi.

Pili, lugha za nyumbani zisidharauliwe. Chidigo kina kamusi yake, Mgombato, iliyotolewa mwaka 2004 ikiwa na Kiingereza na Kiswahili. Kwa Mdigo, kuzaa ni kuvyala na mwanamke ni mchetu. Ukaribu wa lugha hizi na Kiswahili humfanya mfasiri adhani kwamba ameeleweka, ilhali ameeleweka nusu. Kijitabu kimoja kilichojaribiwa mbele ya akina mama kumi wa Kiduruma kabla ya kuchapishwa kina faida kuliko mabango mia yaliyofasiriwa mezani Nairobi.

Tatu, vyama vya wanafunzi, pamoja na CHAWAKAMA kinachowaunganisha wanafunzi wa Kiswahili wa Afrika Mashariki, viandae warsha za pamoja na wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii. Mwaka 2023 serikali ilizindua kikosi cha wahudumu hao wapatao 100,000 nchini kote na kuwapa mikoba ya vifaa. Mikobani mna vipimo na dawa. Maneno ya kuanzia mazungumzo na binti aliyejiinamia, kila mhudumu amejitafutia mwenyewe. Warsha ya siku moja juu ya tofauti ya kufunga na kukinga, ya madhara na maudhi, ya "unapanga uzazi?" na "ungependa mtoto huyu akue kwanza?" haihitaji fedha nyingi.

Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee. Halimuulizi msichana kama ana mume, wala kama ana nia ya kukutana na mwanamume. Linamwuliza kuhusu mtoto aliye mikononi mwake, na hakuna mama asiyekuwa na jibu. Kutoka hapo muuguzi anaweza kumweleza kuhusu vijiti, sindano, vidonge au kitanzi, kila kimoja kwa faida na karaha zake, kisha akamwachia achague. Aliye chini ya umri na aliyedhulumiwa atapata pia nafasi ya kusema aliyemdhulumu, kwa kuwa hakuanza kwa kushtakiwa.

Nne, waandishi chipukizi wa riwaya, tamthilia na hadithi fupi wamwandike mama kijana baada ya kuzaa. Wasimwandike malaika wala mfu. Wamwandike mtu aliyekosea au aliyekosewa, na ambaye hadithi yake inaendelea.

Hitimisho

Kiswahili kilipata neno ukimwi katika miaka ya 1980, wakati ambapo ugonjwa wenyewe ulinong'onwa tu. Neno hilo liliwezesha mazungumzo katika mabunge, misikiti, makanisa na vibanda vya chai, na maisha ya wengi yakaokolewa kwa sababu jambo lilikuwa na jina. Afya ya uzazi ya akina mama vijana bado inangoja utumishi wa namna hiyo. Wanaofundisha na kusoma lugha hii wana kamusi, wana lahaja na wana fasihi, na wanajua kupima neno kabla ya kulitoa. Kwale haiko mbali na chuo chochote cha Kenya. Benchi la kliniki ya Msambweni litakuwa na watu kesho asubuhi, na baadhi yao watakuwa na umri wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.